Kambale Aliyeuzwa kwa Jina la Papa

Uvumilivu uliniishia pale kijana wa duka la samaki wa urembo alipomwambia mwanangu Salome, mtoto wa miaka saba, "Wewe ndiye uliyewaua samaki wako. Huwalishi." Salome alikuwa ametoka kumwamkia, "Shikamoo mjomba," na hakuitikiwa. Mkononi kashika kopo la maji lenye samaki pekee aliyebaki kwenye tangi letu, tumbo limemvimba kama katoka harusini.

"Kaka, huyu uliyetuuzia ni nani?" nikauliza.

"Papa mdogo wa urembo, dada. Anatoka nje huyo. Anaishi na wenzake vizuri tu."

Siku ya kununua alikuwa kama kidole, chini ya taa za buluu, na mimi nimetoka kazini macho yanafumba. Sasa nikayatazama yale masharubu. Papa wa wapi? Kambale huyo! Nimemla tangu sina meno.

Nyie tuliokua pamoja Bahi mtanielewa. Miaka ya mvua nyingi maji yalipanda mpaka kwenye majaruba ya mpunga, na sisi tukitoka shule tulikuwa tunaburuta khanga kuukuu kwenye tope, magoti hayaonekani. Harufu ya tope lile nikiikumbuka mpaka leo nasikia njaa. Tulichovua tulitia kwenye ndoo, tukafuga siku mbili tatu kabla ya kula. Bibi akichungulia, anafoka kwanza, kufundisha baadaye: "Kambale mtengeni! Mnataka awamalize wenzake? Na msiwabananishe humo, hao nao wanapumua." Juu tunafunika ungo na jiwe, maana kambale anatoka anatembea. Asubuhi moja tulimkuta chini ya kitanda cha Bibi, naye Bibi anamsema kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Tangi la kioo hatukulijua. Lakini mtoto wa darasa la pili alijua nani akae na nani. Kijana wa leo ana picha za samaki wa dunia nzima kwenye simu, ukimwomba wa kuanzia, wa tangi dogo la mtoto, anakupa anayekula wengine. Gapi watatu tu, wale wadogo wenye mikia ya rangi, wangetosha, na maji ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi, dawa itoke. Basi.

Nimechoka, jamani. Nikitoka kazini, nikapika, nikafua, ya kugombana siyawezi. Ila Salome chakula anakigusagusa tu. Kila jioni anafuta lile tangi, tupu tangu tulipomwacha kambale kule dukani, ananiuliza kama samaki waliumwa njaa sana. Nimemsimulia Bibi na ndoo yake. Ananisikiliza kwa adabu, haniamini. Kijana wa duka kashasema. Sisi tulifokewa mpaka tukazoea, lakini tulifokewa kwa makosa yetu, si ya mtu mzima.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikaenda ofisi ya mtaa hapa Nzuguni. Mtendaji akaniuliza, "Mama Salome, unataka hela yako?" Nikaomba karatasi, nikaandika mwenyewe:

"Namlalamikia muuzaji wa samaki wa urembo. Alituuzia kambale akamwita papa. Kambale akala wenzake wote, lawama akapewa mtoto. Fedha sidai. Naomba aitwe hapa ofisini, aitikie shikamoo ya binti yangu, kisha amwambie kwa mdomo wake kwamba si yeye aliyewaua."