Dada Yangu Alijua Kusoma

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mashine ilipofika chuoni, imefungwa ndani ya blanketi nyuma ya pikipiki. Wewe huoni, kama mimi nisivyoona, nawe umekuja kuniuliza kama inafaa ujifunze Kiebrania na Kigiriki kwa vidole. Inafaa. Lakini kaa kwanza nikuambie nilichokifanya nilipokuwa kijana, maana mtu uliyemjia si mwema.

Surua ilinichukua macho nikiwa na miaka minne. Kwetu ni Masisi, upande ule ambako shamba la maharagwe limeinama hata mtu analima huku ameshika majani kwa mkono wa pili. Kwa baba tulibaki watoto wawili, mimi na dada yangu mkubwa Furaha. Nilimwita Yaya, ndivyo tunavyomheshimu dada mkubwa. Masomo yake yaliishia darasa la sita. Baba alisema nguvu yake inatosha kusomesha mmoja, na asiyeona hawezi kulima mlima, basi asome yeye. Yaya akashika jembe ili mimi nishike kitabu. Wakati ule niliona ni haki yangu tu.

Breli, yale maandishi ya nukta zinazosomwa kwa vidole, nilifundishwa na mzee Bitasimwa, katekista kipofu wa kijiji chetu. Nikakubaliwa katika chuo cha wachungaji, kilima cha pili kutoka nyumbani. Huko nikakuta vitabu vya Kiebrania na Kigiriki vyote ni vya wenye macho. Breli, hata ukurasa mmoja hakuna. Profesa alinionea huruma, akasema nikae nisikilize wenzangu.

Yaya alipopata habari alikataa. "Hapana. Tutaiandika siye benyewe."

Hakujua hata herufi moja ya lugha zile. Aliazima kitabu, na kila alasiri akitoka shambani aliketi kando yangu na kunieleza maumbo. "Hii iko kama kiti yenye haina mugongo. Hii nayo iko na mikono tatu inaangalia juu, na nukta ku mukono ya kuume." Mimi nikaenda darasani kuuliza jina la herufi ya namna hiyo, jioni nikamrudishia. Kiebrania cha wenye macho kinatoka kulia kwenda kushoto, breli yake inatoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo tulikosea sana mwanzoni, tukachana karatasi, tukaanza upya. Yeye anasoma, mimi natoboa kwa kibao na msumari. Kigiriki kilimchosha zaidi, kwa zile alama ndogondogo zilizokaa juu ya herufi. Aliziita inzi.

Baada ya miaka miwili Yaya alikuwa hanielezi maumbo tena. Alisoma maneno. Mara nyingine aliniuliza maana yake, na nikimwambia alilirudia neno polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mboga.

Ndipo mashine ikaja. Wahisani wa mbali walisikia habari yangu, wakatuma kompyuta pamoja na kijibao chenye pini ndogo zinazopanda na kushuka, zikiandika breli chini ya vidole vyako. Ndani mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, sauti ya mwanamke wa Kifaransa. Akikutana na Kigiriki alitaja herufi moja moja kama mwalimu anayeita majina. Akikutana na Kiebrania alinyamaza kabisa. Lakini pini zilipanda, nami nikasoma peke yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nilikuwa nimeusikia msemo huo mara nyingi, ila sikudhani unanihusu.

Mwisho wa mwaka Profesa alinipa mtihani mbele ya darasa lote. Nilisoma Kiebrania kwenye zile karatasi zetu, sikukwama hata mara moja. Yaya alikuwa kwenye benchi karibu na mlango, na kikapu chake cha mihogo, akinisubiri anirudishe nyumbani. Profesa akazichukua karatasi, akazigeuza.

"Nani alikusomea hizi zote?" akauliza. "Huyu mutu anajua kusoma. Mwaka wenye kuja tuko na nafasi moja. Naweza kumuombea."

Nilisikia benchi likilia. Yaya alikuwa ameinuka nusu.

Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Niliwaza: akiingia huyu mwenye macho, nani atanishangaa mimi tena? Nikajibu, "Ni miye niliziandika, Profesa. Yaya alikuwa ananisomea tu, sawa kasuku. Haelewi kitu. Na sasa niko na mashini."

Darasa likacheka. Benchi likalia tena, polepole, la mtu anayekaa.

Njiani aliniwekea bega lake kama siku zote, nikaweka mkono juu. Tulifika mtoni, penye gogo la kuvukia. Pale akasimama.

"Sawa," akasema. "Uko na mashini. Itakuvusha muto?"

Akanivusha. Tangu siku hiyo hakuniambia neno lililozidi salamu. Kabla ya mavuno ya maharagwe alikubali kuolewa na mchuuzi mmoja wa Pinga, kule Walikale, mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemkataa mara mbili. Asubuhi aliyoondoka nilikuwa darasani. Niliambiwa kwamba anapita barabarani na mizigo yake. Sikutoka.

Fadhila ya punda ni mateke, na mimi nilipiga teke langu nikarudi kwenye vitabu. Likizo ilipofika nikaibeba mashine kwa mzee Bitasimwa, nimwonyeshe. Alizipapasa zile pini, akatabasamu, vidole vyake vikasoma mstari mzima. Kisha akanirudishia.

"Mashini iko muzuri. Furaha iko wapi?"

"Ameolewa Pinga, Papa."

"Habari ya darasa ilifika huku," akasema. "Unajua, kipofu anasamehewa kama hakuona muntu. Lakini weye ulimuona. Ulimuona muzuri kabisa, njo maana ulimufunika. Enda umuombe musamaha. Usikuje tena hapa kama hujaenda."

Nilitoka na hasira. Nikasema nitakwenda kiangazi. Kiangazi kikaja, njia ikafungwa na vita. Ilipofunguka nilikuwa na mahubiri, na wanafunzi wa kufundisha. Mwaka mwingine nilikuwa na homa. Ngojangoja huumiza matumbo, na matumbo niliyoumiza hayakuwa yangu peke yangu. Mzee Bitasimwa alifariki bila mimi kurudi mlangoni pake.

Kilichoniinua ni habari ya msiba. Mume wa Yaya alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu kule Omate, udongo ukaanguka shimoni, hawakumtoa. Ndipo nikapanda pikipiki kwenda Pinga, siku mbili za tope, dereva mbele na mashine kifuani mwangu. Kwenye kila kamba ambayo wenye bunduki waliitega barabarani, walituuliza kipofu anatafuta nini huko. Nilijibu, dada yangu.

Nilimkuta sokoni anauza unga wa muhogo. Nilimjua kwa sauti yake kabla hajanijua.

"Yaya," nikasema.

Nikasikia kopo la kupimia unga likiwekwa chini.

"Umefika," akasema. Basi.

Nilipiga magoti pale pale, kwenye tope la soko. "Yaya, nilisema bongo, nilidanganya mbele ya bantu. Nilijua unasoma. Nilikuwa na wivu."

Watu walipita. Mwishowe akasema, "Simama, unachafuka." Kisha, "Ile mashini iko wapi? Soma nisikie."

Nikaifungua juu ya gunia lake. Pini mbili zilikuwa zimekwama kwa vumbi, lakini ilisoma. Nikaanza. Nilipofika kwenye neno fulani nikatamka "shimha".

"Hapana," akasema Yaya. "Simha. Ile neno, nukta yake iko ku mukono ya kushoto."

Nikapapasa tena. Maandishi yaliyomo kwenye kompyuta hayakuwa na zile nukta za juu, kwa hiyo pini zilinipa herufi ile ile kwa sauti mbili. Karatasi za Yaya zilikuwa nazo zote, nami nilikuwa nimeziacha ziliwe na panya. Miaka yote ile nilikuwa ninawafundisha wengine kosa.

"Namna gani unaikumbuka?" nikauliza.

"Haiko jina yangu?" akasema. "Weye njo uliniambiaka maana yake, ati ni furaha. Nilikuwa ninaiandika mu udongo kule ku shamba, ili nisiisahau. Hata hapa ninaiandikaka."

Nililia, mwanangu, mbele ya wauza mihogo. Nikamwomba turudi pamoja, chuo kilikuwa bado kinapokea watu.

"Niko na batoto batatu," akajibu. "Kiebrania haitabapikia bugali. Lakini Profesa, umuambie. Umuambie tu kwamba nilikuwa najua kusoma."

Nikaahidi. Niliporudi Masisi, Profesa alikuwa ameshaondoka kurudi kwao mbali. Nilimwandikia. Sikupata jibu, na mpaka leo sijui kama barua ilimfikia.

Mwaka uliofuata vita vikaingia Pinga. Shemeji yake alinipigia simu kutoka penye mtandao. Yaya alikimbilia msituni na watoto, siku ya nne homa ikamshika, na dawa haikuwepo hata kidonge kimoja. Walimzika kando ya kinjia, wakaweka matawi juu, wakaendelea kukimbia. Hakuna anayeweza kunionyesha mahali. Watoto walifika, nami nimewalea.

Huwa najiuliza, kama angeketi darasani mwaka ule, leo angekuwa hai? Sijui. Huku kwetu risasi na homa vimewaua waliosoma na wasiosoma. Ila Pinga asingekuwapo. Mimi ndiye niliyemsukuma kwenda Pinga, kwa maneno machache yaliyochekesha wanafunzi.

Basi nasaha yangu ni hii. Chukua mashine, usiiogope. Itakupa saa nyingi za kusoma bila kumsumbua mtu, na hiyo ni neema kubwa kwa watu kama sisi. Lakini usiiamini hata ukaacha kuuliza. Muulize mwenye macho aliye na kitabu mkononi, na akikusahihisha mshukuru. Yule atakayekusomea leo, mtaje kwa jina mbele za watu, yeye akiwa anasikia. Akitaka kuketi darasani kando yako, sogea. Hutapungukiwa kitu. Na ukimkosea mtu, usingoje kiangazi wala njia nzuri. Nenda siku hiyo hiyo, hata kwa kutambaa, kwa sababu huku kwetu kesho si ya mtu. Majuto ni mjukuu, nami nimemlea huyo mjukuu mpaka amezeeka nyumbani mwangu.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akulindie vidole vyako visife ganzi, akupe watu wa kweli wa kukuongoza, na akupe moyo wa kuwakiri wangali hai. Akupitishe salama penye kamba na penye msitu, wewe na wote unaowaita dada na kaka. Akufundishe, na usiwe mwanafunzi peke yako. Amina.