Tanzia Isiyo na Jina

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha uchapaji mtaani Malaz, mjini Riyadh, nilivaa suti. Vijana niliosafiri nao, madereva na walinzi watarajiwa, walikuwa wamenicheka tangu uwanja wa ndege. Niliwaacha wacheke. Miaka ile mawakala walijaza ndege kwa Wakenya, lakini katika ndege yetu mwenye diploma ya uchapaji alikuwa mmoja tu, tena mwenye miaka arobaini na minane na ujuzi aliojilipia mwenyewe.

Mudir, ndiye meneja wetu, alitazama suti, akatazama cheti, akaita, “Mhandisi! Nimekuletea daktari wa karatasi.”

Mhandisi alikuwa Mserbia mrefu mwenye wino kwenye mikunjo ya vidole. “Yalla, Diploma,” alisema. “Nitolee mabamba manne.” Bamba ni kipande chembamba cha alumini kinachobeba sura ya ukurasa mtamboni. Nilimtolea manne bila doa. Hakunisifu. Lakini tangu siku hiyo aliniita Diploma, nami nilisimama wima kila nilipoitwa.

Kabla ya kuja Uarabuni alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika gazeti la kila siku la mkoani kwao. Majalada matatu ya gazeti hilo, mapana kama meza, aliyaweka ofisini mwake, na wakati wa chai alinifunulia. Sikujua neno hata moja la lugha yao, lakini siasa zake nilizisoma kwa jicho la mchapaji.

Gazeti lilianzishwa na wapiganaji wa msituni vita kuu ya pili ilipokuwa ikiisha. Katika jalada la kwanza, kichwa cha gazeti kilikuwa cha herufi kama zetu, na kiongozi wa nchi alikuwa ukurasa wa mbele karibu kila wiki. Katika jalada la pili, la miaka nchi ilipokuwa ikipasuka, kichwa kilikuwa kimegeuzwa kuwa cha herufi za kale za Kiserbia, na ramani zilikuwa nyingi kuliko picha. La tatu lilikuwa na rangi na matangazo ya simu.

“Wapiganaji, kisha chama, kisha taifa, kisha tajiri mmoja,” Mhandisi alisema. “Serikali ilipoanguka tuliandika kwamba kuanzia leo tuko huru. Mhariri alikuwa yule yule. Alibadilisha tai.”

Kurasa zilizonitia baridi ni za tanzia, yaani matangazo ya vifo. Kwao watu hufungua hizo kwanza. Kila marehemu ana fremu nyeusi na picha yake, na hurudishwa siku ya arobaini, kisha kila mwaka. Sura haizeeki. Chini yake majina ya wafiwa yanapungua mwaka hadi mwaka, mpaka unamkuta yule mtu anakutazama vile vile, na aliyebaki kumkumbuka ni mmoja. Hata alama ya pembeni ilifuata siasa: nyota katika jalada la kwanza, msalaba katika la pili.

“Hata wafu wetu walihama chama,” Mhandisi alisema. Hakucheka.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha aliniita. “Diploma, majalada haya hayabebeki. Yapige skana, taratibu, kwa mkono wako. Mama yangu yu hai bado. Kuna ukurasa mmoja humo anausubiri.”

Sikuuliza ni upi. Niliona kuuliza ni kazi ya wasio na cheti. Yeye akaenda Jeddah wiki nzima kukarabati mtambo wa tawi letu, nami nikafanya kazi kwa viwango vyangu. Nilikata migongo ya majalada ili kurasa zilale sawa. Nyuma ya kila ukurasa niliweka kadi nyeusi, kwa sababu karatasi ya gazeti ni nyembamba na maandishi ya upande wa pili hupenya. Kisha nikasafisha kila picha kwenye kompyuta: doa, mkunjo, mstari usio na kazi. Katika jalada la pili nilikuta fremu moja ya tanzia tupu, haina picha wala jina. Nilihesabu kuwa ni kosa la mtambo, nikaifuta. Kurasa zilizokatwa zilifungwa robota kama taka zote za kiwanda, lori likazipeleka kwenye ghala la karatasi chakavu Jeddah.

Mhandisi aliporudi alipitisha kurasa kwenye skrini mpaka akafika pale.

“Fremu iko wapi?”

“Ile tupu? Niliisafisha.”

“Ilikuwa ya mdogo wangu,” alisema polepole. “Alikataa kwenda vitani. Alizama akivuka mto wa mpakani. Mhariri alisema msaliti hana nafasi katika gazeti la wananchi, akaondoa jina na picha. Fremu niliiacha mimi. Siku ile mji mzima ulipiga simu. Kila mama aliyekuwa na mwana vitani alidhani inamsubiri wa kwake.” Akanitazama. “Karatasi zenyewe?”

Nilipomwambia, alichukua koti lake.

Tulipanda basi hadi Jeddah. Ghala lilikuwa kandokando ya mtaa wa Ghulail, na mlinzi wake alikuwa Shem, Mluhya kama mimi, mmoja wa wale waliocheka suti yangu.

“Mzee, mmetoka Riyadh kutafuta gazeti la kufungia nyama?” aliuliza nilipomweleza.

“Shem, fungua. Kesho mnasaga.”

“Kesho? Leo alasiri, halas, kwisha! Ingieni haraka. Na hiyo suti utaiosha mwenyewe.”

Tulikata kamba za marobota saa nne nzima. Nyuso za marehemu zilitapakaa sakafuni mpaka Shem akakataa kukanyaga. Hatimaye akainua ukurasa mmoja mlangoni, penye jua, aone kama una fremu tupu.

“Mzee. Mbona huyu ananicheka?”

Ndani ya fremu, pasipo na wino wowote, kijana alikuwa anatabasamu. Nilikwenda upande wa pili. Ulikuwa ukurasa wa michezo, na timu ya mpira imepangwa mistari miwili. Uso wa mmoja ulikuwa umeangukia katikati kabisa ya fremu ya nyuma. Kupanga kurasa mbili zikutane hivyo kwenye mtambo unaokimbia, mimi nisingeweza, na mimi si mtu mdogo.

“Ni mdogo wangu. Mhariri hakuwahi kusoma gazeti dirishani,” Mhandisi alisema. “Mama alisoma.”

Akaukunja ukurasa ndani ya shati. Skana yangu hakuitaka tena.

Sasa nimestaafu, na nyumba yangu ina ghorofa. Vijana wakija kuuliza siri ya kazi huwaonyesha diploma kwanza, kisha nawaambia waulize kabla ya kufuta.

Mhandisi aliniandikia mara moja. Mama yake ameubandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha la jikoni. Asubuhi jua likipiga, mwanawe anakuja, naye humwekea kahawa mezani. Jua likihama huimwaga, akaosha kikombe.