Mkuku Ulionunuliwa Mbale

Niliondoka Jinja kwa sababu ya mguu wa shemeji yangu Wanyama, fundi wa mashua pale Masese, ufukoni mwa ziwa. Aliuvunjia Mbale, kwenye yadi ya mbao, alikotumwa kuchagua mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini unaobeba mashua nzima. Tajiri wake alikataa kumlipa fidia. Alidai kuwa watu wake ni wa ziwani, na Mbale hakuna ziwa. Aliyekwenda huko alijipeleka mwenyewe. Afisa wa kazi alitutaka tulete shahidi kwamba alitumwa.

Asubuhi basi lilipita Iganga, likashika barabara ya Tirinyi. Kwenye daraja la Mpologoma mafunjo yalisimama ndani ya maji meusi. Niliwaza kwamba laiti Wanyama angeteleza hapo penye maji, pengine tajiri angeridhika.

Mbale nilifika mchana, mvua ikinyesha. Hajati, mwenye yadi, alinikaribisha chai, wala hakuficha kitu. Tajiri alikuwa amempigia simu kwamba fundi wake yuko njiani, apewe mti mnyoofu. Wapakiaji walipotaka kuubeba, Wanyama aliwazuia, akashika mwenyewe upande wa mbele. Kwa mafundi wa Masese, kichwa cha mkuku hakishiki mwingine ila yule atakayejenga juu yake, tangu yadini hadi majini. Lori lilikuwa limelowa. Mti ukateleza, ukamwangukia mguuni.

“Nilimwambia, baba, waachie wenye mabega,” alisema Hajati. “Akanicheka. Eti mtoto wake habebwi na watu wa sokoni.”

Nilimwomba aje Jinja akayaseme hayo mbele ya afisa. Aliniongeza chai kwanza.

“Huyo tajiri ndiye ananunua mbao zangu, bwana. Wewe utapanda basi uende. Mimi nitabaki naye.”

Jioni nilirudi Masese. Fundi mwingine alikwisha kuufuata mti uleule, na mashua mpya ilikuwa ikiinuka juu yake. Wanyama alikuwa amelala chumbani, nyundo zikisikika dirishani.

“Shemeji, umeupitia pale nje? Haukupinda?”

Nikamjibu kuwa umenyooka. Ndipo nikamweleza kuhusu Hajati.

Nilikwenda nikiamini kwamba sheria huuliza mtu alikuwa katika kazi ya nani, si alisimama wapi. Bado naamini hivyo. Nilichojifunza Mbale ni kwamba ukweli unaweza kusemwa wote, juu ya chai, na usivuke kizingiti.

Wanyama aliniomba nifunge dirisha.