Nilisema Duka la Salum ni Langu

Nimekosa mimi, wala simtafuti wa kumtupia lawama. Nimemdhulumu mtu aliyenifanyia wema, nikamdhulumu mchana kweupe, yeye mwenyewe amesimama pembeni yangu ananisikia. Jina langu usiniulize, ndugu msomaji. Watu wa mtaa wa Dunda wakisoma haya watanijua tu, na wanijue!

Mimi ni Mmanga, Mwarabu wa kuja. Nilikuja Bagamoyo nikiwa kijana, pamoja na ami yangu, na ami alipokufa aliniacha sina mbele wala nyuma. Nikashika kazi ya kutembeza nguo. Nafunga kanga na kaniki nyuma ya baiskeli, natoka mjini mpaka Fukayosi, nazunguka vijijini naita wateja, narudi nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa nakula na kuvaa kwa jasho langu. Lakini duka sikuwa nalo, wala tajiri wa kuniandika kazi.

Nikaenda kwetu Uarabuni mara moja, nikaozwa binti ya mjomba wangu, jina lake Salma. Nikamwacha kwao, nikarudi huku kumwombea ruhusa ya kuja. Loo! Kumbe kuoa ni kazi ndogo!

Karani wa boma alinieleza vizuri, wala sikuwa na udhuru wa kusema sikujua. Mke wa mgeni haruhusiwi kuingia nchini mpaka mumewe aonekane ana kazi ya kudumu, au biashara yenye kipato, na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa boma, aende mwenyewe akaione kwa macho. Serikali haitaki watu wa kuja kuwa mzigo.

"Na wewe una nini?" akaniuliza.

"Nauza nguo."

"Duka lako liko wapi?"

Nikamwonyesha baiskeli kupitia dirishani. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nilitoka pale nimefura kwa hasira. Mimi mwepesi wa hasira, nalijua hilo, na hasira zangu ndizo zilizonifikisha hapa. Na juu ya hayo mjomba alikuwa ameniletea salamu kwa mtu: binti yangu ama umchukue kabla ya Idi Kubwa, ama umpe talaka yake, si mjane yule wa kukaa kwangu bure.

Sasa nikwambie habari za Salum. Huyu ni mwenzangu wa safari moja, tumekuja pamoja, tumelala chumba kimoja miaka mingi. Yeye alikuwa mtu wa kubana matumizi na kusubiri, si kama mimi, akapata duka lake pale Dunda. Duka dogo, lakini duka! Unga, sukari, mafuta ya taa, nguo kidogo, na mbata, zile nazi kavu, ananunua kwa wakulima. Naye alikuwa na mke kwetu, Zuwena, nyumba yao imepakana na ya kina Salma. Alikuwa anangoja amalize kujenga uani, ndipo amwombee mkewe ruhusa.

Haya yote niliyajua. Usije ukanitetea.

Nikamwendea. "Salum, niazime duka lako."

Akadhani natania. "Nikuazime duka? Sufuria hilo?"

"Asubuhi moja tu. Bwana Shauri aje anione nimekaa humo, basi."

"Ngoja mwakani, yakhe. Mwakani duka litatulisha wawili, nitakuandika kazi ya kweli, hakuna wa kukuuliza."

"Mwakani sina mke!" nikamkemea. Halafu nikalia. Ndiyo, nililia, mwanamume mzima nimeegemea gunia la unga la mwenzangu.

Salum akakubali. Nawe ukitushangaa, kumbuka sisi watu wa pwani tulivyozoea. Harusi ikiwa kwako, sinia unaazima kwa huyu, zulia kwa yule, hata dhahabu iliyo shingoni mwa bibi harusi ni ya jirani. Mgeni akisifu unaitikia ahsante, na mwenye mali yake amekaa palepale anakula pilau hasemi kitu. Kesho yake kila kitu kinarudi kwa mwenyewe. Tukaona na duka ni vivyo hivyo! Wawili wazima tulikaa tukakubaliana kwamba Serikali nayo ni mgeni wa harusi.

Siku ile ikafika. Nikavaa kanzu safi, nikakaa juu ya kiti cha Salum. Yeye akavaa kikoi kikuukuu akakaa chini karibu na magunia ya mbata. Bwana Shauri akaingia na karani wake.

"Hili duka lako?"

"Langu, Bwana."

Akatazama rafu, akashika nguo, akaniuliza bei ya hiki na kile. Za nguo nilizijua. Mara akaonyesha sanduku la fedha. "Fungua."

Ufunguo sikuwa nao! Tumepanga yote, ufunguo tumeusahau. Nikajipapasa kifuani, nikajipapasa mfukoni. Salum akainuka taratibu, akafungua fundo la kikoi chake, akanipa kwa mikono miwili. "Bwana wangu, umesahau, ulinipa mimi nilipokuwa nafagia."

Sijapumua vizuri, akaingia Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili na chupa yake. "Salum, nipimie mafuta ya taa. Mbona leo umekaa chini kama mwari?"

Nikaona nimekwisha. Salum akasema, "Shikamoo, Bibi. Leo bwana mwenyewe yupo, ndiyo nimempisha."

Bi Mwanaidi akamtazama Salum, akanitazama mimi, akamtazama Mzungu. Mama wa mjini yule! "Marahaba, mwanangu," akasema, akanigeukia mimi na kuniuliza habari za biashara kama watu tuliozoeana tangu zamani. Nikampimia mafuta, nikamwaga nusu yake chini.

Bwana Shauri akamuuliza Salum, "Na wewe ni nani hapa?"

"Mtumishi wake," Salum akajibu.

Wallahi, sikio langu lilisikia neno lile na nikaona limekaa vizuri. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Salma akaja. Nikampokea bandarini Dar es Salaam, nikamleta Bagamoyo kwenye chumba changu cha kupanga. Raha niliyopata siwezi kuificha. Salum alitutumia mchele na mbuzi. Neno la kwanza Salma alilomuuliza lilikuwa, "Zuwena unamleta lini? Nimemwahidi mama yake nitamwangalia kama dada yangu."

"Uani kumekwisha," Salum akamjibu. "Naomba mwezi huu."

Akaomba. Majibu yakakawia miezi, ndipo akaitwa boma na Bwana Shauri yuleyule, ambaye hakuwa amesahau. "Wewe si mtumishi wa dukani? Leo umekuwa mwenye duka?" Akaambiwa arudi kesho yake, na mimi niletwe.

Jioni ile Salum alikuja kwangu, tukakaa barazani. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kesho tukaseme kweli, sote wawili. Tukamwombe radhi. Mkeo mimba yake kubwa, hawezi kumfukuza mtu katika hali ile."

"Inshallah," nikamwambia. Na ninaapa, nilipokuwa nasema nilikuwa nimekusudia.

Kulipokucha tukaenda. Bwana Shauri hakutukaribisha viti. "Mmoja wenu mwongo," akasema. "Nami nawaambia mapema: aliyenidanganya akapata ruhusa, mke wake atarudi alikotoka kwa meli ya kwanza." Akaninyooshea kidole. "Duka ni la nani?"

Nikamwona Salma na tumbo lake juu ya meli. Nikamwona mjomba ananingoja na maneno yake. Salum amesimama kando yangu, ametulia, ananingojea mimi nianze.

"Langu, Bwana."

Ya Rabbi! Lilitoka jepesi kama mtu anayeitikia salamu.

Nikangoja Salum apige kelele. Dunda nzima ingemshuhudia. Angemleta Bi Mwanaidi peke yake, ningefungwa siku hiyohiyo. Salum alinitazama mpaka karani akainua uso. Kisha akasema, "Kama amesema ni lake, basi, Bwana. Mimi sina neno."

Tulipotoka nje nilimshika mkono. Akautoa. "Usidhani nimekustahi wewe," akasema. "Nimemwonea huruma yule mwenye mimba."

Hakurudia tena kunisemesha. Akauza vitu vyake kwa bei ya kutupa, akahamia Vigwaza, akapanga chumba ananunua mazao ya wakulima kando ya barabara. Kukaa Dunda hakuweza. Akae vipi ndani ya duka ambalo boma limesema si lake?

Na mimi? Nikarudi kwenye baiskeli yangu. Salma akajifungua binti, tukamwita Nasra. Kila mara akiniuliza habari za Zuwena namwambia Salum mwenyewe hana haraka. Nikamsingizia na hilo! Nikamwambia mke wangu kuwa Salum amepata mwanamke huko Vigwaza, astaghfirullah, mtu hata kuku hana.

Ukweli aliupata kwenye maulidi, huko kwa wanawake. Bi Mwanaidi alimsimulia yote kuanzia ile chupa ya mafuta, akidhani Salma anajua. Nilirudi safari nikamkuta amekaa kitini, mtoto amelala mapajani, chakula hakuna.

"Baba Nasra, mimi nimekuja kwa nafasi ya Zuwena?"

Nikaanza kufoka, maana ndiyo desturi yangu nikibanwa. Nikasema wanawake wana midomo. Nikasema nilifanya kwa ajili yake. Akaningoja nimalize.

"Kwa ajili yangu? Uliniuliza lini? Nenda boma ukaseme kweli. Wakinirudisha nitarudi na mwanangu, nami nitaweza kumtazama mama yake Zuwena usoni."

Unadhani nilikwenda? Sikwenda! Kesho, keshokutwa, nikirudi safari, mwezi wa Ramadhani ukiisha. Nilikuwa namwogopa Bwana Shauri, na zaidi nilikuwa naogopa kuikuta nyumba haina mtu. Siku moja nikamkuta Salma anafunga nguo zake na za mtoto. Hakugomba wala hakulia. Ndipo nilipovaa kanzu nikaenda.

Kumbe Bwana Shauri wetu alikuwa ameshahamishwa, yupo mwingine. Nikamwambia yote, nimesimama. Alinitukana vya kutosha, na nilistahili kila neno. Nikamuuliza, "Na mke wangu, Bwana, atarudishwa na meli gani?"

Akanishangaa. "Mke mwenye mtoto aliyezaliwa hapa, na mume anamlisha? Arudishwe kwa nini? Mwambie huyo Salum aje, nitamsikiliza."

Basi! Ndivyo ilivyokuwa! Jambo lililonifanya nimuuze mwenzangu lilikuwa la kusema na kutukanwa kidogo, kwisha.

Nilipanda baiskeli kwenda Vigwaza siku hiyohiyo. Njia nzima nacheka peke yangu, nikikutana na watu nawasalimu kwa sauti. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomwambia. Nikamkuta Salum amekaa juu ya gunia anakula muhogo. Amekonda, ndevu zimeingia mvi. Nikamwambia bila hata kushusha pumzi: nimesema kweli, njia imefunguka, njoo boma, Zuwena atakuja!

Akaosha mikono. Akaifuta polepole.

"Umechelewa, ndugu yangu. Baba yake aliniuliza mwanawe anakuja huku lini, nikakosa la kumjibu. Nimpe mwezi gani? Nikapeleka talaka. Eda yake imekwisha na ameshaolewa."

Nikaanguka magotini pale vumbini nikamshika miguu. Wapita njia wanatazama. Akaniinua, akanisogezea sahani. "Kula, umetoka mbali." Nikala, maana sikuthubutu kukataa kitu chake kingine. Wakati wa kuondoka akasema tu, "Msalimie Salma." Sikumsikia akitaja radhi, nami sikuwa na uso wa kuiomba mara ya pili.

Nilipompa Salma salamu zile, na habari za talaka ya Zuwena, alifungua mizigo yake, akarudisha nguo sandukuni, akawasha moto. Tunaishi. Anapika, anafua, ananiitikia. Lakini huwa namsikia anacheka uani na wenzake, cheko lake lilelile nililomwolea, na mimi nikitia mguu mlangoni ananyamaza. Kiini cha adhabu yangu ndicho hicho, na hakuna boma la kukiondoa.

Ewe unayengoja ruhusa ya mkeo huko ng'ambo, nakusihi sana! Boma likikutaka kazi, tafuta kazi, hata ya kubeba mizigo, ukaonyeshe mikono yako. Usiazime riziki ya mtu ukaionyesha kuwa ni yako. Na kama umeshafanya, usingoje kama mimi. Inuka leo, uende na mwenzako, na ukiulizwa, jibu kabla hofu haijakujibia. Mimi nilimleta mke wangu kwa meli, nikamlipia mpaka nauli ya punda kutoka stendi, na mpaka leo hajafika.