Betri Iliponiishia Msibani kwa Shangazi

Sinywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki lazima atokee mtu wa kumkonyeza mwenzake. Konyezaneni tu. Mimi ni mwanamke wa kwaya, nauza vitunguu hapa Ipogolo, sina tabia ya kuona vitu, na yaliyonikuta Chimala yalinikuta nikiwa na akili zangu timamu. Alama ninayo mkononi. Nitakuonyesha, lakini usinikatishe.

Kwanza ujue shida yangu. Nikilala nakoroma, na si kukoroma kwa adabu. Halafu katikati ya kukoroma, pumzi inakatika. Kimya kabisa. Nakaa hivyo mpaka mwili wenyewe ushtuke na kuvuta hewa kwa nguvu. Mimi hapo sijui lolote, si nimelala? Daktari alipotuita, mimi na mume wangu, Baba Neema, hakuzunguka. Alisema, "Mama asilale bila mashine hata usiku mmoja. Kuna siku pumzi itakatika na haitarudi."

Mashine yenyewe ni kisanduku kama redio ya mezani, kina mpira mrefu unaoishia kwenye kinyago cha kuvaa puani. Inasukuma hewa usiku kucha, koo lisizibe. Na kwa kuwa umeme wetu unaujua, nikanunua na betri yake ya kubeba. Nzito kama tofali mbili, ina mshikio, na ubavuni ina taa nne za kijani. Zikiwaka zote nne, nalala mpaka jogoo. Betri ile naipenda kuliko baadhi ya ndugu zangu, Mungu anisamehe.

Sasa njoo kwa Shangazi. Huyu ni shangazi yake Baba Neema, Mnyakyusa aliyehamia Chimala zamani kulima mpunga, na ndiye aliyemlea mume wangu. Mimi ni Mhehe wa hapa Iringa. Siku ya kwanza napelekwa kwake kama bibi harusi, usiku nikiwa nimelala fofofo, nikasikia maumivu kwenye mkono, hapa juu. Kufumbua macho, Shangazi amesimama juu yangu na tochi, amenifinya! Asubuhi akatangaza mbele ya wakwe wote: "Mwanangu ameoa mashine ya kukoboa mpunga. Tena ya dizeli."

Watu walicheka mpaka chai ikapoa. Mimi sikucheka.

Miaka kumi na miwili ikawa hivyo. Kila tukienda Chimala, Shangazi anatandika mkeka chumba nilicholala, na usiku ananifinya mara tatu, mara nne. Nami nikazoea, nikifinywa nasema "Samahani Shangazi," nageuka upande, naendelea. Nilipopata mashine nikafurahi, nikampigia simu kumwambia sasa hatasumbuka tena. Unajua alinijibu nini? "Mtu anayehitaji umeme ili alale si mke, ni friji." Akakata simu. Mwenzangu, nilimchukia yule mama. Nasema wazi, nilimchukia.

Basi akafariki. Tukapanda basi alfajiri, mimi nimeipakata betri yangu, maana kumwachia kondakta akiweke kitu kama kile kwenye buti ni kukiaga. Kufika Chimala, mwili umeshaletwa nyumbani, maziko ni kesho yake. Jeneza liko chumba cha ndani. Sebuleni wameondoa makochi, wametandaza mikeka na magodoro, wanawake ndiyo walale hapo. Kati ya sebule na jeneza ni pazia la kitenge tu. Wanaume wako nje chini ya turubai, wanaota moto.

Nikapika na wenzangu, nikachota maji, nikaosha masufuria ya watu mia. Jioni umeme ukakatika.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Mwenyekiti wa kwaya ya pale akaja jikoni amekunja mikono, mpole kabisa: "Mama Neema, tumesikia una betri. Kinanda chetu kimenyamaza, na marehemu alikuwa mzee wa kanisa."

We niambie, ungemjibuje? Unamnyima vipi mtu umeme msibani? Tena mimi, mke wa kutoka Iringa, ambaye wifi zangu tayari wananisema Wahehe tuna roho ngumu? Nikasema chukueni, ila mnirudishie saa tatu. Wakachomeka kinanda. Wakachomeka na spika. Kuona hivyo, waombolezaji nao wakaleta simu zao, waya juu ya waya, mpaka betri haionekani. Mjomba mmoja akaleta mashine ya kunyolea, eti hawezi kumzika dada yake na ndevu.

Iliponirudia ilikuwa karibu saa sita na inawaka taa moja.

Nikaiambia roho yangu, leo hulali. Nikavaa kinyago changu, nikaegemea ukuta, nikasema taa ikizima nakaa macho mpaka kuche. Bibi mmoja aliyelala pembeni akaniangalia na ule mpira puani, akamuuliza wifi yangu Tumpe, binti wa marehemu, "Huyu ni rubani?" Tumpe akamwambia lala bibi. Taa ile ikaanza kupepesa. Mashine ikapiga mlio, ikazima. Nikavua kinyago, nikayatoa macho kama fundi saa.

Lakini mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, akasafiri, akapika, akaosha sufuria za watu mia, anakaa macho kwa nguvu gani? Nikalala. Hata sikumbuki kuteleza ukutani.

Nikafinywa.

Hapa, juu ya kiwiko. Kwa mazoea nikasema, "Samahani Shangazi," nikageuka upande wa ukuta, nikaendelea. Niamini, sikushtuka hata kidogo. Miaka kumi na miwili si mchezo.

Nikafinywa tena, kwa nguvu zaidi, na sauti ikasema chini chini, "Koroma."

Nikasema samahani. Halafu nikajiuliza, usingizini humohumo, koroma? Yeye ndiye ananiambia nikorome? Ya tatu nusura aondoke na nyama. "Koroma, wewe! Usininyamazie!"

Nikafumbua macho. Amekaa kichwani pangu, kitenge amejifunika mpaka usoni, magoti ameyakumbatia vilevile alivyokuwa akikaa mlangoni kwake. Nikasikia harufu ya karafuu, maana Shangazi alikuwa akitafuna karafuu kwa ajili ya jino. Nami hasira za siku zote zikanipanda, nikamjibu: "Shangazi, si wewe uliyeniita mashine ya kukoboa? Leo nimenyamaza, unataka nini tena?"

"Nataka nikusikie," akasema.

Ndipo jicho langu likaangukia pazia. Nyuma yake mshumaa unawaka, na kivuli cha jeneza kimelala juu ya kitenge.

Jamani.

Nikataka kupiga kelele, nimebaki mdomo wazi hewa haiingii wala haitoki. Shangazi akanifinya ya nne, akasema kwa ile sauti yake ya kugombeza kuku: "Pumua kwanza. Kelele utapiga baadaye."

Nikapumua. Haki ya Mungu nikapumua, kwa sababu yule mama alikuwa hajibiwi akiwa hai, sembuse hapo! Na jambo ambalo watu hawaliamini kuliko yote ni hili: nililala tena. Utasema mwoga hawezi kulala. Nami nakwambia nilikuwa naogopa kumkosea kuliko nilivyokuwa naogopa mzimu. Nilifinywa usiku kucha, nikaacha kuhesabu.

Kulipokucha, sebule nzima niko peke yangu. Mikeka mitupu, kanga zimeachwa, kuna hata kiatu cha mtu. Natoka nje, nakuta wanawake wote wamejibanza kwenye moto wa wanaume, yule bibi wa rubani akiwa katikati. Hakuna anayeniangalia. Tumpe akanisalimia kwa mbali, "Ugonile?" Ni salamu yao ya asubuhi, kuuliza kama umelala. Siku hiyo aliuliza akitaka jibu kweli.

"Kwa nini mmenikimbia?" nikauliza.

"Ulikuwa unaongea na mama," akasema Tumpe. "Tulisikia 'samahani Shangazi' ya kwanza, tukasema anaota. Halafu tukasikia mtu anakujibu. Hatukusubiri."

"Sasa mkaniacha?"

"Wifi, hata bibi huyu mwenye goti bovu aliniacha nyuma mimi."

Wanaume wakaanza kucheka, msiba wote unacheka. Baba Neema peke yake hakucheka. Alikuwa ameshanishika mkono, amepandisha mkono wa gauni. Juu ya kiwiko nilikuwa na alama, nyingi, zimevilia damu. Na kila alama ilikuwa na mistari miwili midogo yenye nafasi katikati.

Lazima nikueleze hapo. Shangazi alijikata na mundu zamani akivuna mpunga, ukucha wa kidole gumba ukapasuka katikati na haukuunga tena. Akikufinya, anakuachia mistari miwili. Baba Neema alifinywa kwa ukucha huo utoto wake wote, anaujua kama jina lake. Mume wangu, mtu mzima mwenye mvi, alikaa chini kwenye vumbi akazishika zile alama akalia kwa sauti. Tangu tupate habari za kifo alikuwa hajatoa chozi.

Nikasema, kwa uchungu wangu wote, "Hata kufa hajaacha kunichukia."

Tumpe akanigeukia. "Nani amekwambia alikuwa anakuchukia?"

Akanisimulia mbele ya watu wote. Baba yake, mume wa Shangazi, alikuwa mkoromaji. Nyumba ilitikisika. Shangazi alikuwa akilalamika kila asubuhi kwamba hajalala. Usiku mmoja baba akanyamaza ghafla. Tumpe alikuwa mdogo, amelala chumba hichohicho, akamsikia mama yake anasema gizani, "Afadhali leo." Akajifunika, akalala usingizi mtamu. Asubuhi mume wake alikuwa amepoa ubavuni mwake.

"Mama hakuwahi kukufinya ukikoroma," Tumpe akasema. "Ukikoroma alikuwa anatulia kwenye mkeka wake. Alikuwa anakufinya ukinyamaza."

Nilisimama pale na gauni langu limepandishwa begani. Miaka kumi na miwili mwanamke mzee anatandika mkeka chini, halali, ananisikiliza mimi ninavyopumua! Na mimi nimemsema kwa mashoga zangu wote wa Ipogolo mpaka wa Ruaha Mbuyuni. Niliona aibu, nakwambia, aibu ya kutaka ardhi ipasuke niingie.

Nikamuuliza Tumpe, sasa zile habari za mashine ya kukoboa, na friji? Akafikiri kidogo. "Hayo alikuwa anayasema kweli," akasema. "Mdomo alikuwa nao."

Tulimzika mchana. Kila mtu akatupa udongo, nami nilipotupa wangu nikainama nikamwambia kwa Kinyakyusa chake, "Ndaga fijo, Shangazi." Asante sana. Akiwa hai nilikuwa nikijaribu lugha yao ananisahihisha matamshi. Nilisubiri kidogo, nikaona kimya, nikajua safari hii nimepatia.

Alama zile zilipona baada ya wiki mbili, isipokuwa moja. Hii hapa. Iangalie, mistari miwili. Daktari alisema ni kovu la kawaida, nikamwambia endelea na kazi zako.

Na Shangazi hajaacha. Umeme ukikatika hapa Ipogolo na betri ikibaki taa moja, mashine yangu hupiga mlio wa kunionya. Siku hizi mlio unachelewa. Kabla haujalia, nimeshafinywa, nimeshaamka, nimekaa kitandani. Mwaka jana niliwaazima jirani betri waone mpira, wakaing'ang'ania mpaka kipindi cha pili. Nikafinywa nikiwa nimesimama jikoni nakaanga vitunguu! Nilikwenda kuichomoa goli likiwa linafungwa. Mpaka leo hawanisalimii, na sijali.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayenisikiliza. Kama nyumbani kwako kuna mtu anayekoroma, usifurahi anaponyamaza. Amka, washa taa, mguse. Akikutukana, mshukuru Mungu, ametukana kwa pumzi yake. Na kama una betri kama yangu, mtu akija kukuomba achaji simu kidogo tu, mtazame vizuri usoni, halafu mwambie hapana. Roho yako ikikusuta, njoo kwangu nikupandishie mkono wa gauni.