Sosi ya haradali iliyomfukuzisha babu kazi

Nisaidieni. Babu ameniuliza swali mezani leo. Mngemjibu nini?

Daktari alimkataza ngano, na sosi ya dukani ina unga wa ngano. Kwa hivyo nikamtengenezea yangu hapa nyumbani: asali, haradali na siki kidogo. Nikaimwaga juu ya kuku.

Babu alinusa tu, akasukuma sahani.

"Miaka ya hamsini nilimpikia mzungu mmoja hapa Kisii. Aliipenda sana hii. Siku moja akanikuta nimeinua kijiko nionje. Alinifukuza kabla hakijafika mdomoni."

Hata mama hakuwahi kuambiwa hayo.

Nikamwambia, "Onja sasa, babu. Hakuna wa kukufukuza."

Akaonja. Akaniangalia.

"Ni hii tu iliyonifukuzisha kazi?"