Idi Niliyoshindwa Kula Ini

Nakumbuka Idi ya kuchinja ya kwanza iliyonikuta nikiwa mke wa mtu, pale Chumbageni, kanga mpya mwilini na hina ya harusi bado haijafifia mikononi. Nakueleza habari hii, Rukia mjukuu wangu, kwa sababu nimesomewa yote mliyoandikiana wewe na baba yako kwenye kundi la familia. Wewe umeandika kwamba Mungu alipomweka binadamu bustanini alimpa matunda na mbegu, na kwamba nyama ni ukatili, inaharibu hali ya hewa na kuziba mishipa. Baba yako amekujibu kwa aya ya wanyama tulioumbiwa ili tupate joto na manufaa, na wengine tuwale. Ukajibu, akajibu, mpaka akaandika kwamba asiyekula nyama ya Idi asije kwake siku ya Idi. Nawe ukaandika: basi, siji.

Mambo ya mishipa nayajua, maana presha ninayo. Ya hali ya hewa nawaachia ninyi wenye shule. Lakini hilo neno lako la "siji" limenikosesha raha, mke mwenzangu, na sitanyamaza.

Hujui kwamba bibi yako naye alipata kuacha nyama. Nilipokuwa msichana kule Pongwe nilichunga mbuzi wa baba, na mwaka mmoja nikaona nyama hainipiti kooni. Basi. Sikuwa na hoja wala aya, wala sikumlaumu aliyekula. Nyumbani walinicheka wakazoea. Nilipoolewa hakuna aliyekumbuka kuwaambia wakwe, na mimi niliona haya kulisema.

Sasa katika nyumba niliyoolewa kulikuwa na desturi. Wanaume wakirudi kuswali Idi, mnyama alichinjwa uani na ini lake likachomwa hapo hapo kwenye mkaa, na watu wazima wote walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu alfajiri. Mwaka ambao nyumba imeingiza bibi harusi, kipande cha kwanza kilikuwa chake. Alikila mbele ya wakwe na mawifi, na kuanzia hapo akahesabiwa mtu wa nyumba ile. Kukikataa kulikuwa sawa na kuwakataa wao.

Nilikipokea kwa mkono wa kulia, nikasema bismillahi, na mkono ukagoma kupanda. Nilijaribu tena. Machozi yakanitoka, nikakirudisha sahanini.

Shemeji yangu Hamza, kaka mkubwa wa babu yako, ndiye aliyekuwa akiiendesha nyumba baada ya baba yao kufariki. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira. Aliinuka.

"Mama, huyu anaharamisha alichohalalisha Mungu, na siku yenyewe ni leo. Arudi kwao Pongwe wakamfunze, ndipo tuzungumze."

Nilimtazama babu yako, Mungu amrehemu. Alikuwa akizitazama ndara zake. Nikajua ndoa yangu imekwisha kabla sijazizoea hata sufuria za jikoni.

Mama mkwe wangu, Bi Zuhura, alikuwa akipuliza mkaa. Mama yule alisomesha Kurani watoto wa mtaa mzima barazani kwake, na Hamza mwenyewe alimfunza alifu na bee kwa bakora. Hakuinuka hata pale alipokaa.

"Amesema ni haramu?"

"Hakusema, mama, lakini..."

"Nakuuliza, amesema?"

"Hapana."

"Basi hajaharamisha kitu. Ameshindwa kula. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliandaliwa nyama ya mnyama ambaye kwao hakuzoeleka. Akasema roho yake haimtaki, akaiacha, na wenzake wakala mbele yake asiwakataze. Na wewe Hamza, pweza huli tangu utoto, ukimwona sufuriani unatoka nje. Nani alikwambia urudi kwenu?"

Mawifi walificha nyuso kwenye kanga wakacheka. Hamza naye, baada ya kuhangaika na uso wake, akacheka, akakaa. Mimi nikajipangusa machozi, na sikufichi, nikajiona nimeshinda. Bi Zuhura akaligundua hilo upesi.

"Na wewe kanawe uso, uje ubebe sinia."

Alinipakilia nyama mbichi, fungu la majirani na wasiojiweza, akaniambia nianze na Mama Elia. Nilidhani ananikomoa. Mimi nisiyeweza kula kipande cha ini nitembee mtaani na nyama inayochuruzika damu.

Mama Elia alikuwa mjane wa Kishambaa, Mlutheri, mumewe alikuja Tanga kukata mkonge akafia huku. Aliipokea sahani yake kwa mikono miwili, akaketi kwenye kizingiti akaanza kulia. Watoto wake, alisema, walionja nyama mara ya mwisho siku ya Krismasi. Nilisimama pale nikaona aibu kwa jinsi nilivyokuwa nimelionea kinyaa lile sinia. Aliponiuliza kama nimekwisha kula, nilimweleza yaliyotokea, na yeye akaniambia kwamba hata Kitabu chao kinasimulia waumini wa mwanzo waliogombana hivyo hivyo, wenye kula nyama na wenye kula mboga tu, wakaambiwa wasidharauliane kwa sababu Mungu amewapokea wote. Halafu akaingia ndani, akanijazia sahani ile ile maharage na viazi alivyoletewa kutoka Lushoto, maana hata kwao sahani ya jirani hairudishwi tupu. Ndicho chakula nilichokula Idi ile, na sijui kama nimepata kula kitamu kuliko kile.

Bi Zuhura hakulirudia jambo lile. Idi zilizofuata alinipikia mbaazi za nazi mwenyewe, na baada ya mbaazi akanipa sinia nikagawe. Mpaka leo nikiinua mikono kuomba dua namtaja yeye kabla ya mama yangu mzazi, na naamini mama yangu ananielewa. Angeweza kunyamaza siku ile, nami ningerudi Pongwe na sanduku langu. Wewe usingekuwepo.

Utauliza mbona siku hizi nakula supu ya mbuzi. Nilipoibeba mimba ya baba yako nilianza kuitamani nyama mpaka nikailia machozi. Huyo anayekufokea kwenye simu ndiye aliyenirudisha kwenye nyama, na hata kuzaliwa alikuwa bado.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Usile nyama kama roho yako haikutumi, wala mtu asikulazimishe, hata awe baba. Lakini usimwite mkatili mama anayeisubiri Idi ili wanawe waonje kipande. Unaposoma Kitabu, tafuta kwanza kinachokukanya wewe, ya mwenzako yatangoja. Tumefundishwa kwamba nyama za wanyama hawa na damu zao hazimfikii Mungu, kinachomfikia ni uchamungu wetu. Baba yako na alikumbuke hilo kila anapohesabu nani kala na nani hakula. Nawe ulikumbuke, kwa sababu hata mchicha wako haumfikii.

Jana nilimweleza baba yako yote haya. Alijikuna kichwa, kisha akaniuliza, "Kwani mama, huyo mtoto huwa anakula nini?" Unamjua, kuomba radhi hakuwezi tangu mdogo. Mimi nimemwambia sijui. Njoo umjibu mwenyewe, mwanangu, Idi haijapita.

Mungu akufungulie njia ya kurudi nyumbani, akupe riziki ya halali ambayo roho yako inaitaka, na siku utakayokwama mbele ya watu akupe mtu wa kukusemea kama alivyonipa mimi. Amina.